Mmoja akiharisha, nyumba nzima isifuate

Kipindupindu si mgeni Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert, na safari za kuja Bunia hazikatiki. Lakini kikishaingia nyumbani, tuangalie kwanza beseni la kunawia. Baba ananawa, mama ananawa, kisha watoto, maji ni yale yale. Wa mwisho anachovya mkono katika uchafu wa wote, halafu anamega bugali. Kwa kuhara damu, vijidudu 10 hadi 100 tu vyatosha kumwangusha mtu. Basi mimina maji kwa kopo, na sabuni iwepo.

Maji ya kunywa yakae kwenye bidoni yenye kifuniko, si ndoo ya kuchovya kikombe. Anayemsafisha mgonjwa asipike. Kama mama yuko peke yake, anawe kwa sabuni kabla hajagusa sufuria. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho huambukiza: kitupwe chooni.

Mnyweshe mgonjwa mapema: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Akitoa damu, au choo kama maji ya mchele, mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku.