Hitilafu za Betri ya Moyo

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa muda wa dakika moja, kisha andika hesabu hiyo katika daftari lako.

Kila pigo ulilohesabu lilianzishwa na umeme mdogo sana. Umeme huo hutokea katika ukuta wa moyo, kwenye chumba cha juu cha kulia, kisha husambaa na kuifanya misuli ya moyo ijikaze. Kwa baadhi ya watu njia ya umeme huo huharibika kwa sababu ya maradhi au uzee. Moyo hupiga polepole mno, ubongo hukosa damu ya kutosha, na mgonjwa huzirai. Anaweza hata kufa.

Mgonjwa wa namna hii husaidiwa kwa kifaa kidogo cha kuongoza mapigo, ambacho watu hukiita betri ya moyo. Jina hilo halitoshi, maana betri ni sehemu yake moja tu. Daktari hukiweka chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega. Waya wake hupitishwa ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Siku hizi ipo pia aina isiyo na waya, inayowekwa ndani ya moyo wenyewe.

Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki mwilini alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa akizirai mara nyingi kila siku. Rune Elmqvist alikitengeneza kwa kumimina plastiki ngumu katika kopo la dawa ya viatu, na daktari Åke Senning akakipandikiza. Baada ya saa chache kiliharibika! Larsson akawekewa cha pili, nacho hakikudumu sana. Katika maisha yake alitumia vifaa zaidi ya 20. Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 86, kwa ugonjwa wa saratani. Elmqvist na Senning walikuwa wamekwisha kufariki kabla yake.

Kwa nini kifaa hiki huharibika? Fikiri juu ya tochi. Tochi isipowaka, huenda betri zimekwisha, au umeme umekatika njiani. Betri ya kifaa cha moyo hudumu miaka mingi, lakini nayo hwisha. Daktari huipima kutoka nje, bila kupasua ngozi, ili kifaa kibadilishwe mapema.

Waya una taabu kubwa zaidi. Hupindwa kidogo kwa kila pigo la moyo, mchana na usiku.

Jaribio: Chukua kipande cha waya mwembamba. Kipinde mbele na nyuma mahali pamoja, ukihesabu mpaka kikatike. Angalia ncha zisikuchome. Waya wa kifaa hutengenezwa kwa ustadi ili uvumilie kupindwa, hata hivyo baadhi hukatika. Nyingine huteleza kutoka mahali pake, hasa katika majuma ya kwanza. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asiinue mkono wa upande ule juu ya bega.

Hitilafu ya tatu haimo katika tochi. Kifaa hiki husikiliza umeme wa moyo: moyo ukipiga wenyewe, hunyamaza, ukichelewa, huusukuma. Pengine huudhania umeme wa misuli ya kifua, au wa waya uliokatika, kuwa ni pigo la moyo. Basi hunyamaza wakati ambapo mgonjwa anakihitaji, naye husikia kizunguzungu.

Umekwisha kujifunza habari za sumaku. Sumaku yenye nguvu ikikaribia kifaa, kwa kawaida kifaa huacha kusikiliza na kupiga kwa mwendo mmoja tu. Madaktari huitumia kwa makusudi. Wewe usiisogeze kwenye kifua cha mtu mwenye kifaa hiki. Simu ya mkononi nayo ikae mbali nacho, kiasi cha sentimeta 15.

Maswali
1. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, waya hupindwa mara ngapi kwa siku moja?
2. Waya wako ulikatika baada ya kupindwa mara ngapi? Linganisha na jibu la kwanza.
3. Kwa nini kifaa chenye betri nzima kinaweza kunyamaza?