SOMO: ZAWADI YA MBAO KWA MWALIMU WA MTOTO
Tusome: Kutoka 31:1-5, Wagalatia 6:6

Besaleli alijazwa hekima ya kuchonga miti. Hapa kwetu Fizi, wazee Wabembe nao walijulikana kwa kazi hiyo. Basi tumfundishe mtoto kumtengenezea mwalimu wake kisanduku cha chaki.

Tuombe kwa mafundi wa mitumbwi pale Baraka vipande vya mbao vilivyokauka. Mbao mbichi hujipinda. Chaki ina urefu wa sentimeta 8 hivi, kwa hiyo ndani tuache 10. Mzazi akate kwa msumeno. Kusugua kwa msasa ni kazi ya mtoto, hata ikichukua siku tatu. Ndani tusipake mawese, maana chaki yenye mafuta haiandiki.

Lakini tuangalie sana. Miaka mingi sisi wazazi tulichangia mshahara wa walimu, mpaka Serikali ilipoanza masomo ya bure katika shule za msingi za umma mwaka 2019. Zawadi isirudishe malipo yale kwa kujificha, wala isinunue pointi. Mtoto aipeleke mwenyewe, matokeo yakiisha kutangazwa, bila bahasha ndani. Na asiye na zawadi asiulizwe.