Mche wa Mpunga na Malezi ya Mtoto

Mchele wa pishori wa Mwea tuulao majumbani mwetu hutoka mashamba ya Wang'uru, yanyweshwayo maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Huko mpunga huoteshwa kwanza kitaluni, kisha miche ikapandikizwa kwa mkono. Mama aliyeinama matopeni tangu asubuhi hurejea jioni akamkuta mtoto analia, chungu ki tupu, na mume angoja chakula.

Je, ndugu zetu, haya hayamo mijini mwetu? Mtume (S.A.W.) alisali hali amembeba mjukuu wake Umama: akisujudu humweka chini, akisimama humwinua. Ikiwa sala haikumzuia kumbeba mtoto, sisi twazuiwa na nini? Basi tusimwachie mama malezi peke yake. Mche usiotunzwa kitaluni hauzai shambani.