Kuhuisha Cheti cha Mtunza Kumbukumbu: Somo Kutoka Masjala za Mathare

Mwishoni mwa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika, maji yaliingia katika nyumba za mabati zilizo kando ya mto na kubeba kila kilichokuwa sakafuni: magodoro, majiko, sare za shule, na ule mfuko wa plastiki ambao familia nyingi huuweka chini ya kitanda. Ndani ya mfuko huo hukaa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, risiti za kibanda cha sokoni, matokeo ya mtihani na, kwa wengine, barua ya kugawiwa ploti iliyoandikwa kabla watoto wao hawajazaliwa. Aliyepoteza mfuko kama huo huwa na swali moja tu afikapo kwenye dirisha la ofisi: je, nakala ipo?

Jibu halitoki kwa anayeketi dirishani. Hutoka chumba cha nyuma, kwenye masjala, kwa afisa ambaye wakaazi wengi hawajawahi kumwona. Ikiwa afisa huyo anaijua kazi yake, jalada hupatikana. Ikiwa haijui, mkaazi huambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo huambiwa vivyo hivyo. Kwa hivyo suala la afisa wa kumbukumbu kuhuisha ujuzi wake na cheti chake, ambalo huonekana kama jambo la wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe, linamgusa pia mama mboga wa Mlango Kubwa na fundi wa magari wa Huruma.

Nchini Kenya, stashahada au shahada ya usimamizi wa kumbukumbu haina tarehe ya kuisha. Aliyehitimu Chuo Kikuu cha Moi, ambako kitivo cha sayansi za habari kilianza mwaka 1988, hubaki na shahada yake mpaka anastaafu. Hali ni tofauti kwa taaluma nyingine. Wakili hulazimika kuchukua cheti kipya cha kufanya kazi kila mwaka, na kabla ya kukipata huonyesha kwamba amehudhuria mafunzo. Kwa watunza kumbukumbu, baadhi ya nchi zimechukua njia hiyo hiyo. Nchini Marekani, shirika la Academy of Certified Archivists, lililoanzishwa mwaka 1989, hutoa cheti kinachodumu miaka 5. Muda huo ukiisha, mwenye cheti ama hufanya mtihani upya, ama huwasilisha ushahidi wa masomo aliyopata, kazi aliyoifanya na mchango wake kwa taaluma. Anayekaa kimya hukipoteza.

Hapa nyumbani mzigo huo umebebwa kwa njia nyingine: kozi za Taasisi ya Mafunzo ya Serikali, ambayo makao yake yako Lower Kabete, masharti ya kupandishwa cheo katika utumishi wa umma, na mikutano ya chama cha wanataaluma, KARMA. Kieneo lipo tawi la Baraza la Kimataifa la Nyaraka kwa Afrika Mashariki na Kusini, ESARBICA, lililoundwa mwaka 1969. Afisa anayengoja kulazimishwa anaweza kukaa miaka 20 bila kusoma chochote kipya. Miaka 20 katika masjala ya Nairobi ni muda mrefu mno.

Fikiria afisa aliyehitimu mwaka 2008. Alisoma chini ya Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, iliyotungwa mwaka 1965, na mwajiri wake alikuwa Baraza la Jiji. Miaka miwili baadaye ikaja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 35 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2013 Baraza la Jiji likaondoka, Kaunti ikaingia, na majalada yakarithiwa jinsi yalivyokuwa, yenye mpangilio na yasiyo nao. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Mwaka 2019 ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Data. Kisha Februari 2020 Kaunti ikatia saini mkataba wa kuhamisha majukumu manne kwa serikali ya kitaifa, yakiwemo afya na upangaji, na mwaka 2022 majukumu hayo yakarudi City Hall. Jalada la zahanati moja likawa limebadilisha mwenyewe mara mbili katika muda usiotimia miaka mitatu.

Afisa huyo hana kosa. Alifundishwa vizuri, ila yale aliyofundishwa yamepitwa.

Suala la kubadilisha mwenyewe lina kanuni yake, na hufundishwa katika juma la kwanza la kozi yoyote ya maana: majalada hukaa pamoja kulingana na ofisi iliyoyaunda, na kwa mpangilio ule ofisi hiyo iliyoyapa. Hayachanganywi eti kwa sababu yote yanahusu Mathare. Anayeyachanganya kwa nia njema ya kurahisisha kazi huharibu ushahidi, maana baadaye hakuna awezaye kusema ni ofisi gani iliyotoa kibali, lini, na kwa mamlaka ya nani. Mahakamani hilo ndilo swali la kwanza. Mpangilio wa kutafutia, yaani faharasa, ndio unaoruhusiwa kupita katikati ya ofisi zote. Majalada yenyewe hayaguswi.

Na katika faharasa ndipo Mathare inapomtoa jasho hata afisa mwenye vyeti vingi. Vitabu vya kigeni hudhani kwamba kila mtu ana barabara na nambari ya nyumba. Katika kaunti ndogo hii yenye wadi sita, yaani Hospital, Mabatini, Huruma, Ngei, Mlango Kubwa na Kiamaiko, watu wengi hutambulika kwa kijiji: Mashimoni, Kosovo, Bondeni, 4A, Gitathuru. Mipaka ya vijiji hivyo imo vichwani mwa wenyeji, wala hailingani kila mahali na mipaka ya wadi. Tena majina ya mahali hubadilika. Kosovo lilipata jina lake kutokana na vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Ulaya, kwa hivyo anayetafuta karatasi ya miaka ya 1970 kwa jina hilo hatapata kitu, hata kama karatasi iko.

Majina ya watu nayo yana mitego. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamud yanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wanne, au watu wanne kweli. Mama aliyesajiliwa kliniki kwa jina la ubatizo anaweza kuja na kitambulisho chenye jina la baba mkwe. Dawa yake inajulikana. Faharasa huwa na jina moja lililochaguliwa kuwa kuu, na majina mengine yote huandikwa chini yake yakielekeza kwenye hilo kuu. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na kijiji huwekwa kando ili kutenganisha wanaofanana. Kwa mahali, jina la zamani na jina jipya huandikwa yote mawili pamoja na miaka yake. Kazi hii haihitaji kompyuta ya bei ghali. Huhitaji karani anayeuliza wazee wa kijiji na kuandika majibu, na anayekumbuka kuandika pia nani alimwambia.

Kompyuta, hata hivyo, ni lazima. Sheria ya 2016 inazitaka taasisi za umma kuweka kumbukumbu zao katika kompyuta, na ilitoa miaka mitatu. Hapa hufanyika kosa ambalo kozi za kuhuisha ujuzi hurudia kulisema: kupiga picha karatasi si kuhifadhi kumbukumbu. Picha 10,000 zenye majina ya kujipa zenyewe, kama zinavyotoka kwenye skana, ni sawa na gunia la karatasi lililofungwa mdomo. Kila picha huhitaji maelezo: ofisi, tarehe, nambari ya jalada, nani anaruhusiwa kuiona. Huhitaji nakala nyingine katika jengo jingine, kwa sababu moto na maji havichagui. Nairobi inalijua hilo. Mwaka 2004 moto uliharibu sehemu ya jengo la City Hall lenyewe.

Sheria hiyo hiyo humpa afisa muda wa kufanyia kazi. Ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika husaidiwa na afisa kuliandika. Jibu lapaswa kutoka haraka iwezekanavyo na kabla ya siku 21 kwisha. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Kuomba hakulipiwi, ila gharama ya kutoa nakala inaweza kutozwa. Hakuna afisa atakayetimiza saa 48 katika masjala isiyo na faharasa, hata akiwa na moyo mwema namna gani.

Upande wa pili upo ulinzi wa data. Kadi ya kliniki hueleza afya ya mtu, na Sheria ya 2019 huihesabu data ya afya kuwa nyeti. Siri ikivuja na kukawa na hatari kwa mhusika, taarifa hupelekwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Afisa mwenye mazoea ya zamani, aliyezoea kumpa jirani kadi ya jirani amfikishie, analazimika kuacha. Sheria moja humwambia fungua, nyingine humwambia funga, na ujuzi uko katika kujua ni wakati gani wa lipi. Cheti cha 2008 hakikufundisha hilo.

Kuna somo jingine ambalo katika Mathare halihitaji kutafutiwa mfano mbali. Bonde hili lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyobomolewa wakati wa Hali ya Hatari, na Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwazoa maelfu ya Wanairobi. Utawala wa kikoloni ulipokuwa ukiondoka, majalada mengi yalichomwa, na mengine yakasafirishwa kimyakimya hadi Uingereza. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiwa mbele ya mahakama ya London, ilijulikana hadharani kwamba majalada hayo yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Karatasi ambazo mtu alizificha, na mwingine hakuzichoma, zilikuja kuwatetea wazee zaidi ya miaka 50 baadaye. Ndiyo maana kuharibu nyaraka za umma bila idhini ni kosa kisheria, na afisa hawezi kuamua peke yake kwamba kabati limejaa na makaratasi yaende kuuzwa kwa kilo. Huandaa orodha, hueleza muda wa kutunza kila aina, kisha huomba kibali kwa Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa, katika jengo lile la Moi Avenue ambalo Wanairobi wengi hulijua kama mahali pa kukutania tu.

Sasa, afisa anayetaka kuhuisha cheti, au kujiandaa kwa mahojiano ya kupanda cheo, ataulizwa ushahidi. Kinyozi hajinyoi, na watunza kumbukumbu wengi hawana jalada lao wenyewe. Wamehudhuria warsha lakini barua ya mwaliko imepotea. Walipanga upya masjala nzima lakini hakuna aliyeandika ilivyokuwa kabla. Jalada la namna hiyo huanzishwa leo, si mwezi wa maombi. Huingia humo vyeti vya kozi na saa zilizotumika, ratiba za mafunzo aliyowapa makarani wapya, mwongozo wa kurasa mbili aliouandikia ofisi, idadi ya maombi yaliyojibiwa na siku zilizochukuliwa. Kozi pekee hazitoshi. Kazi iliyofanyika na wengine waliofundishwa huwa na uzito mkubwa, na hiyo ni haki, maana anayekaa Nairobi mjini akihudhuria warsha za hotelini si lazima awe bora kuliko anayepanga kadi za zahanati huko Mabatini.

Kwa kujisomea, viwango viwili havikosi kutajwa. Cha kwanza ni ISO 15489 cha usimamizi wa kumbukumbu, kilichotoka mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2016. Anayenukuu toleo la kwanza katika mahojiano hujionyesha mwenyewe. Cha pili ni cha Baraza la Kimataifa la Nyaraka, Records in Contexts, ambacho toleo lake kamili la kwanza lilitoka Novemba 2023 na ambacho kinakusudiwa kuchukua nafasi ya viwango vya zamani vya kuelezea nyaraka.

Kuhusu mafuriko, mafunzo ya dharura hutoa maagizo ambayo mkaazi pia anaweza kuyafuata nyumbani. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya takriban siku mbili, kwa hivyo haifungiwi kwenye plastiki ikiwa mbichi. Huwekwa bapa kivulini penye upepo, juu ya karatasi safi isiyo na maandishi, na karatasi hiyo hubadilishwa inapolowa. Haipigwi pasi wala haianikwi juani. Kurasa zilizoshikana hazivutwi kwa nguvu. Ikiwa ni jalada zima na hakuna nafasi ya kulianika, hugandishwa kwenye friza mpaka mikono ipatikane.

Hati asili haipitishwi kwenye mashine ya kulaminisha, ingawa vibanda vinavyofanya kazi hiyo viko kila kona. Joto na gundi huishika karatasi moja kwa moja, na plastiki ikianza kubadilika rangi haiwezi kutolewa tena. Kinacholaminishwa ni nakala. Asili hukaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya plastiki iliyo kavu, na plastiki hiyo hutundikwa juu ukutani, mbali na sakafu.