Kifua Kikuu cha Mtoto Mchanga

Hapa Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, watu hutujia kutoka kila upande, na wengine huja na kikohozi. Mtu mzima akikohoa majuma mawili, nyumba nzima yamsikia. Lakini mtoto mchanga aweza kuwa na kifua kikuu asikohoe kabisa. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wazazi jinsi maradhi hayo yajulikanavyo na yatibiwavyo.

Vijidudu vyake, alivyovigundua Robert Koch mwaka 1882, humfikia mtoto kwa njia mbili. Mara chache humpata angali tumboni mwa mama, vikipita katika kondo na kitovu. Mara nyingi zaidi humpata akiisha kuzaliwa, kwa pumzi ya mama, bibi au mgeni akohoaye ndani ya tembe isiyopitisha hewa.

Aliyeambukizwa tumboni huonyesha dalili aghalabu katika juma la pili au la tatu: hukataa ziwa, huhema upesi, hushikwa na homa, haongezeki uzito, na tumbo huvimba. Dalili hizo zafanana na za maradhi mengine. Basi tusikisie, tumpeleke hospitali. Huko hupigwa picha ya kifua. Tena, kwa kuwa mtoto hajui kutema makohozi bali huyameza, daktari huyavuta tumboni kwa mpira mwembamba, asubuhi kabla hajanyonya, yakapimwe. Mama naye hupimwa, wala asione haya.

Mtoto akionekana mgonjwa, hupewa dawa kadha wa kadha pamoja, kwa kadiri ya uzito wake, muda wa miezi sita au zaidi. Asiyeugua, ila mama yake aambukiza, hupewa dawa ya kinga. Na chanjo ya BCG, iliyotolewa mara ya kwanza Paris mwaka 1921, hungojea dawa hiyo iishe, maana dawa huiua chanjo.

Mama asimwachishe mtoto ziwa: maradhi haya huenea kwa pumzi. Afunike pua na mdomo anyonyeshapo, na madirisha yafunguliwe.

Twawasihi jambo moja zaidi. Mtoto akinona mwezi wa pili, msidhani amepona mkaiacha dawa. Vijidudu vilivyobaki hurudi na nguvu, navyo huzoea dawa. Na bibi akohoaye aulizwe kwa heshima, akapimwe, kabla hajampakata mjukuu wake.