SOMO LA AFYA: MAFIGO HAYAPIGI KELELE



Kila mpishi ajua kwamba jiko lisipoondolewa majivu, moto hauwaki vizuri. Mwili nao ni vivyo hivyo. Chakula tunachokula hutumika mwilini kama kuni, nacho huacha taka. Taka hizo zisipotolewa huwa sumu. Katika somo hili tutatazama viungo vinavyozitoa, hasa mafigo, maana hayo huweza kuharibika bila mwenyewe kujua.

Tusichanganye mambo mawili. Choo kikubwa kina mabaki ya chakula ambayo hayakuingia katika damu. Takamwili hasa ni zile zitokanazo na kazi ya mwili wenyewe. Viungo vinavyohusika na kuziondoa ni vinne:

1. Mapafu. Haya hutoa hewa ya kabonidayoksaidi pamoja na mvuke wa maji. Tukipulizia kioo pumzi tutaona unyevu wake.

2. Ngozi. Hutoa jasho, yaani maji, chumvi na yurea kidogo. Lakini kazi kubwa ya jasho ni kuupoza mwili.

3. Ini. Protini za nyama, maharage na samaki zikitumika mwilini, hutokea amonia, ambayo ni sumu kali. Ini huigeuza kuwa yurea, isiyo kali. Tena hutia katika nyongo mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Hayo ndiyo hukipa choo rangi yake.

4. Mafigo. Yako mawili, nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, kila moja kadiri ya ngumi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja mafigo huchuja kadiri ya lita 180 za maji kutoka katika damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi tu za damu. Basi damu ile ile huchujwa tena na tena. Karibu maji yote hurudishwa mwilini, pamoja na sukari na chumvi inayohitajika. Yurea na taka nyingine hubaki katika lita moja au mbili za mkojo, ambao hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu.

Mtu aweza kuishi vizuri kwa figo moja tu. Akiba hiyo ni kubwa, lakini ina hatari yake. Nefroni iliyokufa haioti tena. Zilizobaki huubeba mzigo wake kimya kimya. Kuvimba miguu na uso, kichefuchefu, kuwashwa mwili na uchovu mara nyingi huonekana wakati sehemu kubwa imekwisha kuharibika. Wengi wetu hungojea maumivu ya mgongo, kumbe ugonjwa wa mafigo wa muda mrefu mara nyingi hauumi kabisa.

Maadui wakubwa ni shinikizo la damu na kisukari. Yuko na adui mwingine tunayemkaribisha wenyewe: vidonge vya maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila jioni baada ya kazi bila ushauri wa daktari. Vikitumiwa hivyo kwa muda mrefu huweza kuyaua mafigo. Hali kadhalika baadhi ya dawa za miti shamba.

Mafigo yakishindwa, damu huweza kusafishwa kwa mashine, ambayo Daktari Willem Kolff wa Uholanzi aliitengeneza mwaka 1943. Lakini kwa kawaida mgonjwa hufungwa kwenye mashine hiyo mara tatu kwa juma, muda wa saa nne hivi kila mara. Kupandikizwa figo kulifanikiwa mara ya kwanza Boston, Marekani, mwaka 1954. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kazi hiyo mwaka 2017. Yote mawili yana gharama ambayo jamaa wengi hawaiwezi.

Kupima ni rahisi zaidi. Tuombe tupimwe shinikizo la damu, sukari, na protini katika mkojo, hata kama hatuumwi. Damu nayo ikipimwa huonyesha mafigo yanavyochuja. Wenye kisukari au shinikizo wafanye hivyo walau kila mwaka, wala wasiache dawa zao kwa kuwa wanajisikia vizuri. Kujisikia vizuri si kipimo.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini choo kikubwa na takamwili si kitu kimoja?
2. Kwa nini mtu aweza kuwa na ugonjwa wa mafigo asiujue?
3. Nyumbani mwetu, ni nani ambaye hajapimwa shinikizo la damu mwaka huu? Tutamsaidiaje aende?