Kununua Mashine ya Randa Iliyokwisha Tumika

Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya mafundi seremala

Miongoni mwa maombi yanayofikishwa mara kwa mara mbele ya kamati za vyama vya maseremala, ombi la fedha za kununulia mashine ya randa halikosekani. Mashine mpya ni ghali. Kwa hiyo macho ya wanachama huelekea kwenye mashine ndogo iliyokwisha tumika, inayouzwa kwa bei nafuu na mtu anayefunga karakana yake au mfanyabiashara wa vifaa vya mtumba. Ununuzi wa namna hiyo waweza kukifaa chama sana. Waweza pia kukiachia chama mzigo wa chuma usiotengenezeka, na ugomvi juu yake.

Kabla ya kutazama bei, wanachama hawana budi kuelewana juu ya kazi yenyewe. Mashine inayozungumzwa hapa ina kazi mbili. Sehemu ya juu, yenye meza mbili na visu katikati, hunyoosha uso mmoja wa ubao, kisha ubavu wake, hata pembe ikawa mraba. Sehemu ya chini huuvuta ubao wenyewe na kuufanya uwe na unene mmoja toka ncha hadi ncha. Utaratibu huo haugeuzwi. Ubao uliojipinda ukipitishwa chini bila kunyooshwa kwanza, roli za kuvutia huukandamiza hata ukalala, visu hupunguza unene, na ubao ukitoka upande wa pili hujipinda tena kama awali. Wako mafundi walionunua mashine ya unene peke yake wakidhani itawanyooshea mbao, wakailaumu mashine bure. Hata hivyo, fundi awezaye kunyoosha uso mmoja kwa randa ya mkono anaweza kuridhika na mashine ya unene tu, na hii ni hekima inayofaa kukumbukwa na chama chenye mfuko mdogo.

Hesabu nayo ifanywe kwa uwazi. Katika miji mingi mwenye mashine huwarandia wenzake kwa malipo, na malipo hayo ndiyo kipimo. Tuseme chama kina mafundi sita, kila mmoja hupeleka mbao 20 kwa wiki, na malipo ni shilingi 500 kwa ubao. Hapo shilingi 60,000 huwatoka kila wiki. Mashine ikipatikana kwa shilingi 1,200,000, na usafiri, nyaya na visu vya akiba vikala 400,000 nyingine, gharama ya kuanzia ni 1,600,000. Umeme na kunoa vikichukua 20,000 kwa wiki, chama huokoa 40,000, na fedha hurudi baada ya wiki 40. Lakini wakiitumia mafundi wawili tu kati ya sita, malipo yanayookolewa ni 20,000 kwa wiki. Ukitoa tuseme 8,000 za umeme na kunoa, hubaki 12,000, na fedha hazirudi kabla ya wiki 133, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu. Mashine ya bei nafuu iliyokwisha tumika huenda isiishi muda huo. Kwa hiyo swali la kwanza mkutanoni ni nani wataitumia, nalo lijibiwe kwa majina.

Jambo la umeme huamuliwa kwa kusoma kibati kilichopigiliwa kwenye mota. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotoka Marekani huenda ikataka volti 120 na mizunguko 60. Ya Japani huenda ikataka volti 100. Transfoma hurekebisha volti, lakini haibadili mizunguko, na mota isiyo na brashi iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 itazunguka polepole zaidi kwa sehemu moja ya sita. Kibati kikionyesha fezi tatu, mashine hiyo haifai kwa nyumba yenye fezi moja, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, isipokuwa chama kimekwisha kupata bei ya mota nyingine au ya kuvuta laini mpya.

Mashine nyingi ndogo za bei nafuu zina mota ya brashi ya wati 1,500 hivi, upana wa kuranda wa milimita 204, na visu viwili vinavyozunguka mara 8,000 hadi 9,000 kwa dakika. Hupiga kelele nyingi na hupata moto upesi. Brashi hubadilishwa kwa fedha kidogo. Mota iliyoungua haina budi kupelekwa kwa fundi wa kusuka, na kwa mashine ndogo gharama ya kusuka hukaribia thamani ya mashine yenyewe. Harufu ya kuungua ni sababu ya kutosha ya kurudi nyumbani.

Sasa meza. Hapa mnunuzi asiharakishe, kwani visu hununuliwa, mkanda hununuliwa, beringi hununuliwa, ila meza iliyopinda haina dawa ya bei nafuu. Meza za mashine ndogo mara nyingi ni za alumini, na wabebaji wasiojua huinyanyua mashine kwa kushika ncha za meza. Wakaguzi wachukue rula ndefu ya chuma iliyonyooka kweli, wailaze juu ya meza zote mbili, ya kuingizia na ya kupokelea, zikiwa zimepandishwa kwa kimo kimoja. Mwanga ukionekana chini ya rula katikati au kwenye ncha, meza hazilingani. Kisha rula iwekwe kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili, maana meza yaweza kunyooka kwa urefu huku imejipinda. Meza za chuma kizito cha kusubu hazipindi kirahisi, ila huvunjika. Alama ya kuchomelewa chini ya meza ni habari inayotosha.

Meza ya kupokelea yapasa kulingana sawasawa na ncha ya kisu inapofika juu kabisa. Ikiwa juu zaidi, ubao hugota. Ikiwa chini zaidi, mwisho wa ubao huliwa. Kosa hili kwa kawaida hurekebishwa, wala lisimtishe mnunuzi, bali limsaidie kuteremsha bei.

Plagi ikiwa imechomolewa, roli ya visu izungushwe taratibu kwa kijiti. Mlio kama wa kusaga mchanga waonyesha beringi zimechoka. Roli ikicheza ikitikiswa juu na chini, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa huenda hata makalio ya beringi yamelika. Visu vitazamwe urefu uliobaki, kwani kisu kilichonolewa mara nyingi hakina tena pa kushikwa imara na bolti, na kisu kikichomoka kwa mwendo ule ni kama risasi. Muuzaji aulizwe jina la mashine na mahali anaponunua visu. Asipoweza kujibu, chama kitafute jibu kabla ya kulipa.

Baada ya hayo mashine iwashwe, na irande mbao za chama chenyewe, si kipande cha muuzaji. Wakaguzi wabebe ubao wa paini mkavu na kipande cha mninga au mkaratusi. Mvule usitumike kwa jaribio kwenye visu vya mtu mwingine, kwa kuwa mara nyingine huwa na chembe za mawe ndani yake zinazoharibu makali. Kila mpito uondoe kama milimita moja, au pungufu kwa mbao ngumu. Mistari myembamba inayokimbia kwa urefu wa ubao ni mapengo ya visu tu. Mawimbi yanayokata ubao kwa upana, makubwa na ya kurudiarudia, huonyesha kwamba kisu kimoja ndicho kinachokata au kwamba beringi zimelegea. Vipande viwili vipitishwe chini kwa pamoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, kisha vipimwe unene. Vikitofautiana, muuzaji aonyeshe mahali pa kurekebishia. Katika mashine nyingine za bei nafuu mahali hapo hapapo.

Kinga ya visu ikikosekana, mashine isiwashwe hata kwa jaribio. Muuzaji atasema ilikuwa ikisumbua. Ndivyo wasemavyo wote, na baadhi yao husema hivyo wakiwa na vidole pungufu. Vivyo hivyo vile vidole vya chuma vinavyozuia ubao usirushwe nyuma vinapaswa kuanguka vyenyewe vikiinuliwa. Vikiwa vimeganda kwa utomvu visafishwe. Mashine kuukuu zenye roli ya visu ya mraba zikataliwe moja kwa moja. Huko Uingereza, kanuni za mashine za mbao za mwaka 1922 zilikwisha kutaka roli ya mviringo kwa randa zinazolishwa kwa mkono, kwa sababu ya mikono iliyokuwa ikivutwa katika nafasi ile. Vumbi nalo si jambo dogo: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililiweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyowaletea binadamu saratani. Mdomo wa kutolea maranda uwe mzima ili uweze kufungwa mfuko.

Yabaki ya chama. Wakaguzi wawe watatu, mmoja wao akiwa fundi asiye na haja ya kukopa mashine hiyo mapema, na matokeo yaandikwe na kusainiwa kabla ya mazungumzo ya bei. Arbuni isitolewe kabla ya jaribio. Hati ya mauzo itaje namba iliyopigwa kwenye mashine, na namba hiyo iingizwe katika daftari la mali siku ileile. Jambo gumu kuliko yote ni mahali pa kuiweka. Chama kisicho na jengo huiweka kwa mwanachama mmoja, na baada ya mwaka mashine huanza kuitwa kwa jina lake. Yeye analinda, anafagia, pengine analipa umeme. Wenzake wanapokuja wanajiona wageni. Pande zote mbili zina haki ya kunung'unika. Chama kikubali mapema kwa maandishi malipo ya mtunzaji, mita ndogo ya umeme ya mashine peke yake, zamu za siku, ada kwa kila ubao, na fungu la ada hiyo litakalowekwa akiba kwa ajili ya visu na beringi. Maranda yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku nayo yatajwe, kwani hata hayo yamewahi kugombanisha watu.

Maswali ya kuzungumzwa mkutanoni: Ni wanachama wangapi watakaoitumia mashine kila wiki, na kwa mbao ngapi? Nyumba itakayoiweka ina umeme wa namna gani? Kisu kikivunjika mikononi mwa mwanachama mmoja, nani atalipa?